Eda ya Namba WJ

Nchi ninayowasimulia haipo. Mie nimezaliwa humo, nimeoa humo, nimeng'olewa meno manne humo, lakini haipo, na mtu akiwaambia anaijua, huyo ana lake jambo. Kwa hiyo sogeeni, msikilize kwa amani, hakuna mtu anayesemwa hapa.

Kazi yangu ilikuwa kuandika vibao. Shule niliishia darasa la tatu, mwalimu alisema kichwa changu kimeshajaa. Lakini herufi nilizipenda. Kusoma sana sikujua, ila ukiniambia A nakuchorea A itakayosimama juani miaka ishirini haijachoka. Nimeandika mabucha, nimeandika saluni, nimeandika "Usikojoe Hapa" kwenye kuta za nusu ya mji, na watu walikojoa, lakini walikojoa huku wanausifu mwandiko. Siku moja serikali ikanichukua. Nikawa fundi maandishi wa Ofisi ya Usajili wa Ndege.

Sheria ya ndege ni fupi, hata mie niliielewa. Ndege bila namba ni kama kichanga hajapewa jina, haitoki nje. Tunaita namba lakini ni herufi, msiniulize kwa nini, nimekuta zinaitwa hivyo. Herufi mbili, kubwa kubwa, ubavuni, ili mtu wa mnarani akitazama ajue nani anapita. Waliozitunga walianzia AA wakaenda mpaka ZZ, na ukizihesabu zote zinafika mia sita sabini na sita. Wakasema kanchi kadogo haka, zitatutosha mpaka kiama.

Na zingetosha, maana ndege tulikuwa nazo tisa. Nne hazikuwa na injini. Mbili kuku walikuwa wanatagia. Moja ilikuwa ya Mkuu wa Nchi, na moja ya kuifuata ile ya Mkuu wa Nchi isije ikaona upweke. Ya tisa ilikuwa ya gwaride, inavutwa na trekta siku ya sherehe, watu wanapiga makofi. Sasa mtu mwenye akili atauliza, ndege tisa, namba mia sita sabini na sita, zimekwishaje? Mwenye kuuliza hivyo ana bahati, hajawahi kuishi katika nchi ambayo haipo.

Ilianzia harusini. Waziri wa Anga na Mambo ya Juu alitaka kuoa mke wa tatu, na wajomba wa binti wakamwambia ng'ombe wamewachoka, magari wanayo, wanataka mahari ambayo haijapata kutolewa. Waziri akawaza siku tatu, akawapelekea namba ya ndege. Si ndege. Namba. Niliiandika mimi kwenye ubao wa mninga kwa rangi ya dhahabu, na pilau nikala. Wale wajomba waliitazama wakatokwa na machozi. Tangu hapo mwanamume anayejiheshimu akipeleka posa bila namba anaulizwa amekuja kuposa au amekuja kuomba maji ya kunywa.

Ikawa ndiyo zawadi ya kila kitu. Wastaafu wakapewa. Nahodha wa timu ya taifa iliyofungwa mabao saba akapewa, kwa kuwa yangeweza kuwa manane. Mpiga tarumbeta wa bendi ya taifa akapewa. Fahali wa Mkuu wa Nchi akapewa mbili, moja kila ubavu. Nami nikazunguka mji mzima naziandika kwenye mageti, kwenye vichwa vya vitanda, na moja juu ya jeneza, maana marehemu aliusia. Ningesema nini? Kazi nilikuwa nayo, nilikuwa nashiba. Sikuona ubaya mpaka ulipoingia kwangu.

Binti yangu ni mmoja, Sikudhani. Mama yake alimpata tumeshakata tamaa, jina lenyewe si mnalisikia. Akasoma, akawa mwalimu, akaolewa na Shomvi, mtoto wa yule mpiga tarumbeta. Kijana mpole yule, akikukanyaga anaomba radhi na kwa mguu wako na kwa kiatu. Mahari yao walileta ile namba ya baba mtu, WJ. Nikaitundika sebuleni kwangu juu ya redio. Msinitazame hivyo, hata nyie mngetundika.

Serikali ikampeleka Sikudhani kufundisha Mwamba Juu. Huko ni juu kweli. Barabara ilichukuliwa na mvua, ikaundiwa tume, tume nayo ikaenda kukagua ikachukuliwa na mvua. Kushuka kwa miguu ni siku tatu. Akiwa huko akashika mimba, na ilipofika mwezi wa saba Nesi Kibena, ndiye nesi pekee wa kule, akatuita kwa redio kol. Akasema huyu bibie nyonga zake nyembamba na miguu imevimba kama viazi vikuu, asijifungulie huku, mimi sina kisu wala damu. Mleteni chini, na kutembea hawezi.

Mungu si Athumani. Wiki ile ile watu wema wa ng'ambo walikuwa wameiletea hospitali yetu kindege kidogo, cheupe pe, kinachoweza kutua hata kwenye uwanja wa mpira. Rubani tulikuwa naye, dada mmoja anaitwa Halinishi, mkali kama siki. Kwa hiyo nikachukua brashi yangu na kopo, nikaenda ofisini kuuliza niandike namba gani.

Msajili Mkuu wa Ndege alikuwa Bwana Mpili, mtu wa adabu sana. Hajapata kumnyima mtu kitu kabla ya kumpa kiti. Akanipa kiti. Akafungua daftari, akatembeza kidole kutoka AA mpaka ZZ, taratibu, kama anayesoma dua, akalifunga.

"Mzee wangu," akasema, "zimekwisha."

Nikamuuliza juu ya ile ndege iliyoanguka ziwani mwaka wa njaa, namba yake si imebaki? Akasema imebaki, lakini ili ifutwe daftarini lazima ndege yenyewe ifike ofisini ithibitishe kwamba imekufa, maana siku hizi watu wanasingizia sana vifo. Zile zenye kuku? Zile zina wakazi. Ile ya jeneza? Mwenyewe hajaja kuirudisha.

Kisha akaniambia jambo moja kwa sauti ya chini. Akasema wewe mzee una namba, WJ, sebuleni. Lakini ni mahari, na mahari haiguswi maadamu ndoa ipo. Ndoa ikifa, mahari inarudishwa, na namba inarudi ofisini. Nikamjibu kwamba sivunji nyumba ya mwanangu kwa ajili ya kopo la rangi. Nilikuwa na kiburi siku ile. Nilidhani miezi miwili ni mingi.

Miezi miwili si mingi, wajukuu zangu. Hasa ukiitumia kwenye benchi.

Shomvi alikuwa ameshuka kwa miguu kuja kuhangaikia ndege, akashinda pale mapokezi kila siku mpaka wenye ofisi wakaanza kumtuma chai. Waziri akaunda Kamati ya Kutafuta Namba, watu arobaini. Kamati ikakutana, ikasema haiwezi kufanya kazi bila kutunukiwa chochote, na kitu cha kutunuku watu wa hadhi yao ni namba, na namba ndizo zinazotafutwa. Ikavunjwa kwa heshima zote. Halafu Waziri akaja mwenyewe uwanjani kukitazama kindege chetu. Akapanda jukwaani akahutubia. Alisema nchi nyingine zinalia hazina ndege, lakini sisi kwa uongozi imara tumelivuka tatizo hilo, sisi tumemaliza namba, na upungufu wa namna hii ni wa watu walioendelea. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga pia, mkono wa mwajiriwa hupiga wenyewe.

Halinishi peke yake ndiye aliyemuuliza, mheshimiwa, sasa mimi nirushe nini.

"Rusha matumaini," Waziri akamwambia, akashuka.

Jumatatu asubuhi redio kol ikaita. Uchungu umemshika Sikudhani tangu alfajiri, na mtoto yuko juu hashuki. Nilimtazama Shomvi, naye akanitazama, na wote tukajua tunakwenda kusema nini. Nikamwambia, baba, mwache mke wako.

Redio ilikuwa mle mle ofisini kwa Bwana Mpili. Makarani walisimama kama msibani. Shomvi akashika kile kidude cha kusemea, mikono yote miwili.

"Siku, unanisikia?"

"Nakusikia. Ndege iko wapi?"

"Ndege ipo. Namba ndiyo hakuna. Siku, wanasema... lazima nikuache. Tukiachana namba inatoka."

Tukasikia pumzi zake zinapanda na kushuka.

"Nani kasema?"

"Serikali."

"Basi niache upesi, Shomvi, mwenzio naumwa. Na iwe talaka moja tu, usije ukanogewa."

Shomvi akasema nimekuacha. Alisema huku machozi yanaingia mdomoni. Ikatoka sauti ya Nesi Kibena, imepokelewa, ova.

Nilikimbia nyumbani, na umri huu, nikautungua ule ubao, nikarudi nao kichwani. Shomvi alikuwa ameshaandika karatasi ya talaka, mashahidi makarani wawili. Bwana Mpili akaisoma. Akainua muhuri, akaupumulia, halafu mkono ukasimama hewani.

"Huyu aliyeachwa," akasema, "ni mjamzito?"

"Ndiyo maana tuko hapa, mwanangu."

Akaurudisha muhuri mezani kama yai. Akanieleza kwa upole. Mwanamke akiachwa anakaa eda, ule muda wa kungoja kabla hajawa huru. Wa kawaida anakaa miezi mitatu. Mwenye mimba eda yake ni mpaka ajifungue. Namba ya mahari inamfuata mke, kwa hiyo nayo iko edani. Sikudhani akijifungua tu, dakika ile ile, namba ni yetu.

"Bwana Mpili," nikamwambia, "ndege ndiyo ya kumleta ajifungue."

"Naelewa, mzee wangu. Ndiyo maana nimekupa kiti."

Wajukuu zangu, mie sijapata kupiga magoti mbele ya mtu, hata kwa baba yake bibi yenu nilisimama. Siku ile nilipiga. Bwana Mpili alilia pamoja nami, kwa kweli hakuwa mtu mbaya, akaagiza na Shomvi aletewe kiti. Tukakaa pale Jumatatu nzima tunasikiliza redio. Kila saa Nesi Kibena anasema bado. Halinishi alikuwa uwanjani, amekaa ndani ya kindege, mlango wazi, hataki kula. Askari wawili walikuwa wamesimama mbele ya magurudumu, maana ilishajulikana kwamba dada yule anaweza kuruka hata bila namba.

Jumanne saa nne redio ikasema mtoto ametoka. Wa kike, amelia kidogo, anapumua. Mama anavuja damu, haikatiki, njooni, njooni sasa. Sikuwahi kufungua mdomo, Bwana Mpili alikuwa ameshagonga muhuri.

"Hongera, mzee. Namba iko huru."

Nikakimbia uwanjani. Sasa niwaambie aibu yangu. Rangi ya ndege haikuwepo nchini kwa miaka, kwa sababu namba zote zilikuwa zinaandikwa getini. Nilichokuwa nacho ni rangi ya mageti, nyeusi, nzuri, inang'aa, na inataka siku nzima ikauke. Nilijua. Fundi gani hajui rangi yake. Nikaiandika hivyo hivyo. Ile W ina miguu minne, nikaushika mkono wa kuandikia kwa mkono wa pili. Nilipofika kwenye J injini ilikuwa imeshawaka na upepo unanipeperusha kofia.

Nikampigia kelele Halinishi kwamba haijakauka.

"Itakaukia huko huko, baba," akasema, akafunga mlango.

Mnara ukamuuliza namba, akasema WJ. Wakatafuta, wakaikuta. Askari wakasogea. Akaruka.

Saa moja na nusu tulikaa pale uwanjani mimi na Shomvi. Halafu tukausikia mlio. Kikatokea juu ya vilima, kidogo, cheupe, nikasema alhamdulillahi, na mnara ukasema taja namba. Akataja. Mtu wa mnarani akatoa darubini, akatazama, akatazama tena. Upepo ulikuwa umeiburuta ile rangi yote mpaka mkiani. Palipokuwa na W na J palikuwa na michirizi myeusi, kama wanja wa mwanamke aliyetoka kulia.

Mnara ukasema ndege iliyoondoka hapa ilikuwa na namba. Hii haina. Hii si ile. Isitue.

Nilipanda zile ngazi za mnara mbili mbili. Nikawaambia ni ile ile, ni mkono wangu huo, mwandiko wangu nautambua hata ukiwa umelia. Wakanipa kiti. Bwana Mpili akaitwa, akaja na daftari kwapani, akaitazama ndege inavyozunguka, akalitazama daftari, akasema kwa masikitiko kwamba kinachosomeka hapo juu hakimo humu ndani. Kikazunguka mara ya kwanza. Kikazunguka mara ya pili, mwanangu yumo ndani anavuja, na chini watu wazima watano tunabishana kama kipo.

Sauti ya Halinishi ikatoka kwenye spika, haina haraka.

"Mnara, nina mgonjwa, na mafuta yangu hayajui kusoma. Natua."

Akatua. Sikudhani walimshusha amekuwa rangi ya majivu. Mtoto alikuwa amefungwa kwenye koti la rubani, ananyonya kifungo. Hospitali wakaomba damu, Shomvi akakunja shati, na kwenye fomu panapouliza uhusiano na mgonjwa karani akamwandika "si ndugu". Damu yenyewe haikusoma fomu, ikaingia. Siku ya tatu mwanangu akafumbua macho, akamkuta Shomvi amelala kwenye sakafu, akamwambia, wewe kaka, unafanya nini chumbani kwa mwanamke asiye mkeo? Hapo ndipo nilipojua amepona. Nilitoka nje nikalia kwenye ukuta ulioandikwa kwa mkono wangu.

Kindege kilikamatwa. Kilifungwa mnyororo kwenye gurudumu kwa kosa la kuingia nchini bila namba, mpaka kipate nyingine. Na ile WJ Bwana Mpili akaiandikia kwa wino mwekundu kwamba ni marehemu, kwa sababu namba iliyofutika haiandikwi mara ya pili. Alinifikishia rambirambi.

Wiki mbili hazijapita, redio kol ikaita. Nesi Kibena. Akauliza habari za mzazi, nikamwambia hajambo. Akasema, mzee, kuna mwingine. Mke wa mfuga nyuki, mimba ya miezi sita, nyonga kama za mwanao na miguu imeanza kuvimba. Ndege itakuja?

Nilisimama na kile kidude mkononi. Nikamwambia, Nesi, mie nilikuwa na binti mmoja tu, na nimeshamwachisha.

Akasema sawa. Hakusema ova.

Usiku sikulala, nahesabu. Hesabu za darasa la tatu zinatosha hapo. Mimba ina miezi sita. Mwanamke asiye na mimba akiachwa, eda yake miezi mitatu. Sita na mitatu, tisa. Maana yake ndoa ikivunjika leo, na mahari ikirudi leo, namba inatoka edani siku ile ile mke wa mfuga nyuki anapoihitaji. Ikivunjika kesho tumechelewa. Na namba za mahari zilipo nani anazijua kunishinda mimi? Geti hadi geti nimeziandika.

Kulipokucha nikampitia Shomvi, akiwa na karatasi zake za kuandikia talaka, tukaanza kubisha hodi kwa watu na kuwaomba waachane.

Geti la kwanza walitufungulia mbwa. La pili mwenye nyumba alisema yuko tayari kumwacha mke lakini si namba. La tatu wote wawili walitusikiliza, wakashikana mikono, wakasema wanapendana, nikaona aibu, nikawaomba radhi. La nne walikuwa wameshaachana tangu mwaka juzi, ila namba wameibakiza getini, wala hawaitoi, watoto wasijue. Mpaka jua la utosi tulikuwa tumebisha kumi na saba.

La kumi na nane lilikuwa geti la mkandarasi mmoja wa visima, anachimba visima vya serikali ambavyo havijapata kutoa maji. PK, rangi ya bluu, namba aliyomtolea mkewe mahari. Akatoka mkewe mwenyewe, mama wa makamo, kanga moja, mwiko mkononi. Nikamweleza yote tangu mwanzo, sikuficha kitu, hata habari ya rangi ya geti nilimweleza. Nikamwambia juu kule kuna mwanamke usiyemjua wala hutamjua. Ndani tulikuwa tunamsikia mumewe anafoka kwa sababu chumvi haijafikishwa mezani.

Yule mama akageuka akatazama ndani, kitambo hivi. Akanigeukia.

"Kwa hiyo, babu, mahari ikirudi ofisini, mimi natoka?"

"Unatoka, mwanangu. Mke akirudisha mahari, ndoa imekufa. Sheria iko wazi."

Akaniwekea mwiko mkononi.

"Ngojeni nivae viatu."